Ukingo wa Jicho la Kushoto

Kimbo, Ruiru
14 Aprili 2024

Mpendwa Emmah,

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo kwa miaka mingi, tangu kabla hujaumia: ninapomtakia mtu mema, je, ninataka ayapate, au ninataka ayapate kutoka kwangu? Nimelijibu mara nyingi, na kila mara jibu limekuwa la kunipendeza mimi mwenyewe. Hilo peke yake linatosha kunifanya nilitilie shaka.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza, daktari amekukataza mwanga wa simu. Ya pili, sisi tukipigiana simu tunagombana kabla salamu hazijapoa. Ile ya Januari uliikata nikiwa katikati ya sentensi. Sitaki kuianza upya. Nasema tu kwamba sijaisahau.

Wala sijasahau kwamba uliungua Jumanne nami nikaambiwa Alhamisi. Nilipofika wodini nilimkuta Kulthum wa duka la mitungi akikulisha uji, kikombe mkononi, na miguuni pake kile kiondo cha kusukwa chenye mistari ya kahawia ambacho Mama alimpa siku ya Krismasi. Muuguzi alimwita "dada ya mgonjwa." Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza, "Na wewe ni nani?" Mimi niliyekubeba mgongoni hadi shule ya chekechea Kalimoni! Nilijibu kwa adabu. Ninajivunia adabu hiyo kuliko inavyostahili.

Sasa niruhusu nikueleze kilichokupata, kwa maana kufundisha maumbile ya mwili ndiyo kazi yangu, na ni jambo moja ambalo nalijua kuliko jirani yeyote.

Konea ni kile kioo kinachofunika cheusi cha jicho. Haina hata mshipa mmoja wa damu. Ingekuwa nao, tusingeona. Weupe unaoizunguka, kwa upande wake, umejaa mishipa. Kati ya hivyo viwili kuna ukingo, pete nyembamba kama ya milimita moja na nusu, ambayo watu hawaioni kwa sababu haina rangi yake yenyewe. Wanafunzi wangu huandika katika mtihani kwamba ukingo ni mpaka, nami huwapa nusu ya alama. Ni mpaka kweli, lakini pia ni chemchemi. Ndani ya mikunjo yake, iliyopangika kama fito za uzio, zinakaa seli shina. Hizo ndizo zinazozaa ngozi mpya ya kioo, ikisogea polepole kutoka pembeni kwenda katikati, siku zote za maisha yetu. Ukingo ukiungua, kioo hukosa ngozi yake, na weupe huvuka na mishipa yake, kama gugu la sangari linavyoingia shamba lisilopaliliwa. Huo ukungu unaouona kwenye jicho la kulia ni sangari hiyo.

Daktari Ndinda ameniambia kwa simu kwamba jicho likishatulia, huenda likapandikizwa kipande cha ukingo kutoka kwa mtu mzima wa afya. Mimi nina macho mawili mazima. Chukua.

Nimesikia kwamba Kulthum naye amejitolea. Mshukuru kwa niaba yangu.

Dada yako,
Idah

*

Makongeni, Thika
21 Aprili 2024

Mwalimu, sasa?

Mimi ninasema, Maggie anaandika. Shule zimefungwa kwa hivyo nina karani wa bure. Usikague herufi zake kwa kalamu nyekundu.

Barua yako tumeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilielewa kwamba umekasirika. Mara ya pili ndipo nikaelewa mambo ya jicho. Hiyo ya sangari imeniingia kabisa. Asubuhi nikifungua jicho la kulia naona kama nimefunikwa na shuka iliyofuliwa vibaya, na mimi ni mtengeneza sabuni, fikiria aibu hiyo.

Unataka kujua ilikuwaje. Nilikosea mpangilio, basi. Kostiki soda hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, ukinyunyiza. Mimi siku hiyo nilimimina maji juu ya kostiki. Ikachemka ikaruka. Nilipiga nduru, Kulthum akaruka kaunta yake, yeye na yale mabuibui yake yote. Akaniangusha chini, akanikalia kifuani kama askari amekamata mwizi, akanifungulia mpira wa maji usoni.

Nikamwambia, "Kulthum, unanizamisha!"

Akaniambia, "Zama, lakini zama ukiwa umefungua macho!"

Dakika arobaini, Idah. Watu wakajaa. Mwingine akaja na maziwa, mwingine akasema nipakwe siagi. Kulthum akawaambia, "Atakayeleta siagi nitamkaanga nayo." Daktari Ndinda alisema yale maji ndiyo yaliliokoa jicho la kushoto. Hilo lilirukiwa kidogo tu, na linapona.

Kuhusu ile simu ya Januari, tuiache.

(Tata Idah, hapa Mama ameniambia niishie hapo. Nimemwuliza kama niandike kitu kingine, akasema niandike kwamba anakupenda. Mimi pia. Maggie.)

Emmah

*

Kimbo, Ruiru
12 Mei 2024

Mpendwa Emmah,

Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Kumimina maji juu ya kostiki ni kosa ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili huonywa siku ya kwanza ya maabara. Umetengeneza sabuni miaka tisa. Ulikuwa unafikiria nini?

Sasa turudi kwenye jambo lenyewe. Kitu kilichotolewa kwa mtu mwingine mwili hukichunguza kama mgeni mlangoni. Kila mtoto huchukua nusu ya alama zake za damu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa, na nafasi moja kati ya mbili ya kulingana nusu. Kulthum hana nafasi ya kutajika. Jirani wa duka si tumbo. Anaweza kukulisha uji, anaweza kukuosha nywele, anaweza hata kupewa viondo, lakini konea yako haitamtambua kwa sababu ya uji.

Nimeirudia aya hiyo mara tatu. Haina kosa la kisayansi, na bado siiamini. Naona kwamba nimeeleza kanuni ya urithi kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Lakini nikiifuta, nitakuwa nimeficha, na nimeamua kwamba katika barua hizi sitaficha kitu.

Nitakwenda kupimwa mwezi ujao. Mwambie Kulthum asijisumbue.

Idah

*

Makongeni, Thika
19 Mei 2024

Dada,

Nenda upimwe, na Mungu akubariki. Mama amenipigia kutoka Kalimoni, na hana wasiwasi hata kidogo. Anasema, "Hayo macho ya Idah si Mungu mwenyewe aliyaponya? Basi hayo ndiyo yafaa." Bado anakumbuka ule ushuhuda alioutoa kanisani mwaka ule ulipoacha miwani. Anasema hakuna jicho safi Kiambu nzima kuliko lako.

Ninakuomba jambo moja. Usimseme Kulthum. Umesema anaweza kuniosha nywele kama mtu anayesema anaweza kufagia. Wewe hujui nywele zilizojaa kostiki zinavyooshwa.

Emmah

*

Kimbo, Ruiru
30 Juni 2024

Mpendwa Emmah,

Nisamehe kwa kimya. Ni msimu wa mitihani chuoni, na karatasi za kusahihisha zimefika hadi kwenye kiti ninachokalia. Nilipimwa kama nilivyoahidi. Majibu hayajakamilika, Daktari Ndinda angependa kurudia baadhi ya vipimo baada ya wiki kadhaa. Mambo haya hayaharakishwi. Uvimbe wa jicho lako nao haujaisha, kwa hiyo hatupotezi kitu kwa kungoja.

Mwandiko wa Maggie umeboreka sana. Mpongeze. Herufi zake sasa zimesimama wima, tofauti na zile za Aprili zilizokuwa zikilala.

Nimekutumia maparachichi kwa afisi ya mizigo pale stendi. Yale laini uyale kwanza.

Idah

*

Makongeni, Thika
14 Julai 2024

Dada Idah,

Salamu kwako. Mimi ni Kulthum.

Mwandiko uliousifu ni wangu. Maggie alirudi shuleni tarehe kumi na tatu Mei, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayezisoma barua zako kwa sauti na kuandika majibu. Sikupenda kukwambia, kwa sababu nilijua ungeacha kuandika, na Emmah huzingoja barua hizi kuliko dawa.

Kwa hiyo ile ya jirani wa duka si tumbo niliisoma mimi. Emmah alisema, "Ruka hapo." Nikamwambia siruki, barua si yangu. Nikasoma hadi mwisho, nikaenda kuwasha jiko, nikarudi. Sina kinyongo. Ulisema kweli, ingawa uliisema vibaya.

Ninakuandikia kwa jambo lingine. Jumanne nilimpeleka Emmah kliniki. Yeye alikuwa chumba cha ndani akitiwa matone. Muuguzi akaniuliza, "Yule dada yenu wa lenzi, ameshaziacha?" Nikauliza lenzi gani. Akajishika mdomo, lakini maneno yalishatoka, na nilipombana akamalizia yaliyobaki. Basi najua ya kwamba umevaa lenzi za machoni miaka kumi na tisa, ya kwamba ukingo wa macho yako umechoka kwa ajili hiyo, na ya kwamba jibu ulishapewa: hapana. Halijachelewa.

Sijamwambia Emmah. Si langu kulisema. Lakini yeye kila siku anahesabu wiki zako, na anakataa kuzungumza na daktari kuhusu njia nyingine. Anasema, "Tungoje ya Idah." Mwandikie mwenyewe. Uwe wazi.

Mimi nimepimwa. Daktari alisema mtu asiye ndugu ni njia ya mwisho, yenye dawa kali, lakini hakuifunga. Niko tayari.

Na kile kiondo, dada yangu, kama ndicho kinachokuumiza, njoo ukichukue. Nimetia vitunguu. Utakikung'uta tu.

Kulthum

*

Kimbo, Ruiru
21 Julai 2024

Bi. Kulthum,

Nimepokea barua yako. Nilidhani kwamba mazungumzo ya dada wawili yanabaki kati yao, na imenibidi nizisome upya barua zangu zote nikijua kwamba zilipita kinywani mwako.

Habari ya lenzi ni yangu, na nitaieleza kwa wakati wangu. Nakuomba uiache.

Kuhusu kujitolea kwako, ni wajibu wangu kama mtaalamu kukueleza yale ambayo pengine daktari aliyapunguza makali. Ukingo kutoka kwa mtu asiye ndugu huishi kwa kulindwa na dawa zinazodhoofisha kinga ya mwili mzima. Dawa hizo humezwa kwa miezi mingi, pengine miaka. Huweza kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, na mafua ya kawaida yakageuka kuwa homa ya mapafu. Emmah ana mtoto anayemtegemea. Baada ya hayo yote, mwili unaweza bado kukikataa kipande chako, na jicho likawa baya kuliko lilivyokuwa. Nawe utabaki na kovu kwenye jicho zima, na yeye atabaki na deni ambalo hawezi kukulipa.

Kama unampenda kama unavyoonyesha, jiondoe. Mwache angoje njia iliyo salama zaidi.

Kiondo ni chako. Sijawahi kusema vinginevyo.

Idah

*

Makongeni, Thika
17 Novemba 2024

Idah,

Naandika kwa mkono wangu. Herufi ni kubwa kama za mtoto, mistari mitano kwa ukurasa, kwa hivyo usishangae bahasha kunenepa. Nimekuwa nikiandika hii siku nne.

Imefanyika. Nilipasuliwa tarehe nane Oktoba. Sikukwambia. Sikumwambia Mama pia. Kulthum alijua kwa sababu alinipeleka.

Ukingo si wake. Ukingo ni wangu. Daktari Ndinda alikata kipande kidogo, milimita mbili kwa mbili, juu ya jicho langu la kushoto, mahali ambapo ukingo ulikuwa umepona. Akakikata tena vipande vidogo vidogo, akavipanda kwenye jicho la kulia juu ya utando wa kondo la nyuma, kama mtu anayepanda miche ya sukuma wiki. Hakuna dawa za kuumiza figo. Mwili hauwezi kunikataa mimi.

Ulimwandikia Kulthum barua mwezi wa saba. Aliisoma kimya. Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Hii imeandikwa kwangu." Nikamwambia, "Hii nyumba haina barua ya mtu mmoja." Akasoma yote. Alipofika kwenye deni ambalo siwezi kulipa, aliiweka karatasi chini, kisha akaichukua tena. Kesho yake alikwenda kwa daktari akajiondoa. Aliniambia, "Pengine mwalimu anajua." Siku tatu hakunitazama vizuri.

Daktari aliniuliza kama ninaelewa kwamba jicho la kushoto ndilo jicho langu, ndilo la pekee ninalotegemea, na lilishaguswa na kostiki. Nikamwambia chukua huko. Wewe ulikuwa unavuta huku, yeye anajiondoa kule, mimi katikati kama shamba lenye kesi. Nilichoka.

Lenzi zako najua. Kulthum hakuniambia. Najua tangu wiki ya harusi yangu. Nilikukuta bafuni ukizitoa kwa kidole, nikarudi nyuma polepole. Jumapili iliyofuata Mama akasimama kanisani akamshukuru Mungu kwa macho ya Idah, na wewe ukaketi pale mbele, shingo imesimama kama twiga. Aki ya Mungu, nilitoka nje nikacheka hadi mashemasi wakadhani nimepagawa. Sikukusema kwa sababu nilijua watoto walivyokuita Macho Nne, na mimi walinisifu, na wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono kurudi nyumbani. Ila sikujua lenzi zinakula ukingo. Hilo nimelijua sasa, tangu barua yako kwa Kulthum ilipozitaja. Nilikungoja miezi mitatu bure, Idah. Ungesema tu.

Jambo la mwisho ni hili, na Maggie asingeweza kuliandika, wala Kulthum.

Sikukukatia simu.

Ilikuwa Jumanne ile niliyoungua. Ulinipigia nikiwa nimeshafungua kostiki. Niliibana simu sikioni kwa mkono mmoja, kwa sababu ulikuwa unalia kuhusu kiondo na sikutaka kukosa neno. Ulisema, "Mama amempa mgeni kitu changu, na wewe ndiye uliyemleta." Kwa mkono mmoja huwezi kushika mkebe na kunyunyiza. Nikafikiri nitamimina maji tu, ni yale yale. Simu ilianguka ndani ya beseni. Wewe ulisikia imekatika.

Ndiyo maana hukupigiwa hadi Alhamisi. Nilijua ungepiga hesabu ya saa. Nilitaka uje kunitazama kwanza bila hesabu hiyo.

Nimechoka sasa. Jicho linaona vidole vitano. Juzi lilikuwa linaona mkono tu.

Emmah

*

Kimbo, Ruiru
1 Desemba 2024

Mpendwa Emmah,

Nilikuja kwako Jumapili iliyopita, ukanitazama kwa macho mawili. Nilizungumza kuhusu mvua. Nilisifu chai. Ninafundisha kwa kuzungumza, na bado mambo ya maana sijui kuyasema isipokuwa kwa karatasi; kwa hiyo vumilia karatasi hii.

Uliona kwamba nimevaa miwani. Siku iliyotangulia nilikwenda Kalimoni kumwambia Mama. Alikuwa akipura maharagwe. Nilimweleza yote, tangu siku niliponunua lenzi za kwanza, nikiwa chuoni, kwa sababu sikutaka kuonekana karibu nawe nikiwa na vioo vinene. Alinisikiliza, akapepeta, kisha akasema, "Ngai! Na yule mbuzi niliyemtoa wa shukrani?" Nikamwambia kwamba mbuzi alishaliwa na kamati. Akasema, "Basi Mungu hana hasara. Leta hilo gunia." Hatukulizungumza tena. Nilipokuwa nikiondoka aliigusa miwani yangu kwa kidole chenye vumbi, akaacha alama, na sikuifuta hadi Ruiru.

Ninakiri sasa kwa mpangilio, kwa kuwa mpangilio ndio tulioukosea sote wawili.

Nilikuuliza ulikuwa unafikiria nini ulipomimina maji juu ya kostiki. Ulikuwa unanisikiliza mimi. Swali hilo nililiandika kwa mkono wangu, na jibu lake lilikuwa limekaa katika simu yangu tangu Januari: saa nne na dakika kumi na mbili, dakika sita za mazungumzo. Nimeangalia. Hesabu uliyoiogopa nimeifanya.

Nilikudanganya tarehe thelathini Juni. Jibu la daktari nililipata mwezi huohuo. Nilijiambia kwamba nangoja nipate maneno yafaayo, lakini neno lilikuwa moja tu, "nimekataliwa," na halihitaji kutafutwa. Kilichonishinda ni kwamba kukataliwa kwangu kungekuwa kukubaliwa kwa Kulthum. Niliona heri ungoje bure ukiwa unaningoja mimi.

Halafu ile barua ya Julai. Nimeitafakari kuliko zote. Kila nilichoandika kuhusu dawa na figo ni kweli. Mwenzangu yeyote angeweza kukitia sahihi. Nilichukua ukweli mtupu, nikaunoa, nikampelekea mwanamke aliyekukalia kifuani dakika arobaini ili usipofuke. Nilikuwa nikiamini kwamba uongo ndio unaofanya kazi ya wivu. Sasa najua kwamba wivu wa msomi hautumii uongo, hautaki hata kuutumia. Unao ukweli wa kutosha.

Nimemwomba Kulthum msamaha, ana kwa ana, pale dukani kwake kati ya mitungi. Alinisikiliza akiwa anamhudumia mteja. Mwishowe akasema, "Mwalimu, shika hii," akanikabidhi vifuniko mia niviweke kwenye mfuko. Nikaviweka. Sijui kama huo ndio msamaha wenyewe, na sikuthubutu kuuliza.

Jumapili hiyo, ulipofika wakati wa matone, nilimwomba Kulthum aniachie nikutie mimi. Akanipa chupa. Ulilala, ukafungua jicho, nami kwa mara ya kwanza nikauona ukingo wako wa kushoto kwa karibu. Juu, pale ulipokatwa, kuna nafasi ndogo nyekundu, si kubwa kuliko punje ya mchele. Nimeuchora ukingo ubaoni kwa miaka kumi na minne. Nimewaambia mamia ya wanafunzi kwamba ni chemchemi. Sikuwahi kuona mtu amechota kwenye chemchemi ya jicho lake zima kuokoa lile lililoungua. Niliiinua chupa, nikaishusha, nikamrudishia Kulthum. Yeye alitia tone moja, sawasawa, akakupangusa shavu kwa ncha ya mtandio wake, nawe ukasema "asante, dada" bila kufikiri.

Na mimi, baada ya yote hayo, nilihisi wivu. Nakwambia kwa sababu niliahidi katika barua ya Mei kwamba sitaficha, nikaficha. Haukuwa mkali kama zamani. Ulikuwa pale tu, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake cha kawaida.

Kuna jambo moja ambalo sijalimaliza, na sidhani kwamba nitalimaliza. Je, ulitoa kipande kwenye jicho lako la pekee kwa sababu ndiyo iliyokuwa njia bora, au kwa sababu sisi wawili tulikufanya usiweze kupokea kutoka kwa yeyote? Nilikwenda kumwuliza Daktari Ndinda. Alikataa kuzungumza kuhusu mgonjwa wake, kama inavyostahili, hadi wewe mwenyewe ulipomruhusu kwa simu. Ndipo akasema, "Ilikuwa njia bora, na dada yako alikuwa ameshaichagua kabla sijaieleza." Nimeibeba sentensi hiyo wiki nzima. Ina nusu mbili, na kila nikijaribu kuzitenganisha, moja hutoka na nyama ya nyingine. Jicho la kushoto likiendelea kuwa zima, nitapenda kuamini nusu ya kwanza. Likija kudhoofika, nitajua nusu ya pili ilikuwa na uzito gani. Kwa sasa sijui, nawe ulipoulizwa ulisema tu, "Kunywa chai."

Wala lile swali nililoanza nalo mwezi wa Aprili sijalijibu. Ninafurahi kwamba unaona vidole vitano. Ninaiamini furaha hiyo kuliko nilivyoamini jambo lolote mwaka huu. Lakini nikiichunguza vizuri, ninakuta chini yake sauti ndogo ikisema: si kwa mkono wangu. Shahidi wa pekee wa moyo wangu ni mimi, na ushahidi wetu, katika familia hii, umeshawahi kumshukuru Mungu kwa muujiza ambao haukutokea. Kwa hiyo ninaliacha wazi.

Barua hii ninaituma bila kuifunga bahasha. Mwambie Kulthum aisome yeye kwanza, kisha akusomee wewe kwa sauti, hata kama sasa unaweza kuisoma mwenyewe. Asiruke mahali popote.

Dada yako,
Idah